Mtaliano Aliyemchekesha Mama

Kabla Mtaliano hajaja kwetu na ubao wake wenye wembe, mtu wa kumchekesha mama alikuwa mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Sijisifu. Waulizeni watu wa Nalufenya, mtaa wetu wa Jinja. Baba ni dereva wa lori, njia ya Mombasa mpaka Kampala, na akifika nyumbani hufika na vumbi na usingizi. Vichekesho huviacha mpakani. Dada zangu walikwisha kuolewa. Kwa hiyo kicheko cha mama kilikuwa shamba langu peke yangu, na nililipalilia kila siku.

Mama alikaanga karanga na kabalagala, vile vikate vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, mbele ya nyumba yetu kando ya barabara. Mimi nikitoka shule nilikaa nyuma yake juu ya debe lililopinduliwa, na rundo la magazeti ya zamani mapajani. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza pembe. Pembe ni kipande cha gazeti unachokisokota mpaka kiwe na ncha chini na mdomo juu, halafu unakunja ncha ili karanga zisitoroke. Utasema ni kazi ya mtoto wa chekechea. Ngoja kwanza.

Miaka hii gazeti letu halina ukurasa usio na picha ya Mkubwa wa nchi. Mkubwa anakagua gwaride, Mkubwa anaogelea, Mkubwa anacheza ngoma, Mkubwa amebeba medali mpaka unamwonea huruma fundi aliyeshona koti. Sasa chukua uso huo, usokote, ujaze karanga za mafuta, halafu umkabidhi askari wa kambini. Atakuuliza kwa nini umemkunja Mkubwa shingo, na jibu la swali hilo bado halijagunduliwa. Muuza mandazi mmoja wa sokoni alichukuliwa kwa sababu ya sikio moja tu lililoonekana pembeni mwa karatasi. Alirudi, lakini alirudi akiwa mtu asiyependa kuulizwa kitu, na mandazi hakuuza tena.

Kwa hiyo mimi sikuwa msokotaji tu, nilikuwa mkaguzi. Ukurasa wenye uso niliutenga, ukaenda kuwashia moto, na yaliyompata huko hakuna aliyeuliza. Ukurasa wa mpira, wa matangazo na wa bei ya pamba ndio uliopata karanga. Na nikiwa nakagua nilimsomea mama habari kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nikichanganya na zangu. Waziri wa mifugo amekutana na ng'ombe, mazungumzo yalikuwa ya kirafiki. Gavana amezindua shimo barabarani. Mama aliacha shule akiwa mdogo sana, hivyo hakujua habari ipi ni ya gazeti na ipi ni ya kwangu, na nadhani hakutaka kujua. Alicheka kwa mwili mzima, akijipiga paja kwa mwiko, na mafuta yakaruka, na wateja wakacheka kwa kuwa yeye anacheka. Huo ndio ulikuwa utajiri wetu. Usiniambie kuna mwingine.

Mtaliano alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Wahindi walipoondoka, vipuri viliondoka nao, na mashine zikaanza kunyamaza moja moja kama wazee kwenye kilabu cha pombe. Wazungu wenzake walifunga mizigo. Yeye akabaki. Hakuna aliyejua kwa nini. Wengine walisema huko kwao aliua mtu. Maneno hayo niliyaanzisha mimi. Alikuwa mfupi, mikono yake ina manyoya kama kifua cha mbuzi, na kila jioni alisimama mbele ya karai la mama akila kabalagala huku amefumba macho, kama mtu anayepokea sakramenti.

Siku moja alifumbua macho akamuuliza mama swali. Siku hizi watu wanatafuna nini? Maana Wahindi walipokwenda, zilikwenda pia zile chupa kubwa za chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wenye pilipili, na dengu za kukaanga madukani. Rafu zilikuwa na vumbi na picha ya Mkubwa. Mtu akikaa baa, akipanda treni, akingoja basi, hana cha kutia mdomoni ila ulimi wake, na ulimi siku hizi ni hatari. Mtaliano alikuwa na mpango. Atachukua gonja, zile ndizi ndefu za kukaanga, azikate nyembamba kama karatasi, azikaange mpaka zilie zikivunjwa, azitie chumvi, azifunge katika nailoni, aziuze kutoka Jinja mpaka Mbale na zaidi. Kitu ambacho hakuwa nacho ni mtu anayejua moto. Na kitu ambacho mama hakuwa nacho ni mafuta. Mafuta ya kula mjini yalikuwa yanapatikana katika mazungumzo tu. Mama alikuwa akirudia yale yale mpaka yamekuwa meusi kama chai ya kambini. Mtaliano alikuwa na mapadri wa kwao misheni, na mapadri walikuwa na madebe.

Mama alikubali kabla Mtaliano hajamaliza kueleza.

Kesho yake akaja na ule ubao. Ulikuwa na wembe katikati. Unasukuma gonja mbele na nyuma, na chini vinaanguka visahani vyembamba unavyoweza kusomea gazeti ukivishika machoni. Akaja na karatasi za nailoni. Akaja na mshumaa na kipande cha msumeno wa chuma: unakunja mdomo wa pakiti juu ya msumeno, unaupitisha kwenye mwali, pakiti inajifunga yenyewe. Mimi nilikuwa nimeketi na magazeti yangu tayari. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, jambo ambalo siwezi kumsamehe, akasema, "Kijana, wewe pumzika. Sasa iko mashine."

Mashine yenyewe ni mshumaa. Halafu akatafuta mahali pa kukaa, na akakaa juu ya debe langu.

Ningevumilia debe. Ningevumilia hata kuitwa kijana na mtu ninayemzidi urefu. Lakini mama akaanza kucheka. Krispi ya kwanza, ndivyo alivyoviita vile visahani, ilipoungua, Mtaliano aliichukua kwa vidole viwili, akaiweka juu ya jani, akavua kofia, akaipigia ishara ya msalaba na kuizika karibu na mgomba. Mama akakaa chini. Chini kabisa, kwenye udongo, mwiko mkononi, machozi yakimtoka. Kwangu mimi hakuwahi kukaa chini. Nilikichunguza kichekesho kile kama mtaalamu, nikakigeuza huku na huku, na nawaambia hakina kitu ndani. Mtu mzima anazika ndizi. Mimi darasani nimeshamzika mwalimu mkuu mzima mzima, na hotuba za waombolezaji, na hakuna aliyekaa chini.

Kila siku ikawa hivyo. Aliimbia gonja akizikata. Alijiunguza akakimbia kuzunguka nyumba akipuliza vidole. Aliinamia krispi nzuri kama anamwinamia malkia. Na mama anacheka, anacheka, na mimi niko kando bila debe, nikikunja pembe zisizo na wa kuzihitaji. Nilijaribu kurudi na habari za redio. Nilisema waziri wa kilimo amepanda mti na sasa hawezi kushuka. Mama akasema, "Haya, mwanangu, sogea kidogo, unamzibia bwana mwanga."

Sogea kidogo. Mimi.

Basi nikaanza kuomba krispi zife. Na kweli zikaanza kufa, bila mimi kufanya lolote, kwa sababu ya kitu ambacho Mtaliano hakukijua na mama hakuthubutu kumwambia: nyongeza.

Kwetu mtu akinunua karanga hapimiwi akaondoka. Anapimiwa, analipa, halafu anabaki amesimama na kiganja kimekunjuliwa, na muuzaji anamwongezea chache juu. Hizo chache si za bei. Ni za kukuambia kwamba nimekuona, wewe ni mtu, rudi kesho. Ukimnyima hukumwibia kitu, lakini amejua kwamba kwako yeye ni mgeni, na mgeni hununua mara moja. Sasa pakiti imefungwa kwa moto. Utaongeza wapi? Mama aliwahi kujaribu kumwekea mzee mmoja krispi chache mkononi, Mtaliano akamweleza kwa upole kwamba kila kitu kimo ndani, kimepimwa kwa mizani, na kilicho nje ni hasara. Mama akanyamaza kwa ajili ya mafuta. Watu walinunua mara moja, wakasifu, wakarudi kwa mwanamke mwingine upande wa chini wa barabara, ambaye karanga zake zilikuwa na mchanga lakini aliongeza.

Mimi niliona mlango uko wazi kidogo, nikausukuma. Niliwakusanya wenzangu wa darasa. Nikawaambia mkienda kwa Mtaliano nunueni pakiti moja kwa kuchangiana, halafu kila mmoja anyooshe mkono na asiseme neno. Asicheke. Atakayecheka hali krispi.

Wa kwanza alinyoosha mkono. Mtaliano akautazama, uso wake ukachangamka, akaupokea na kuutikisa. Wa pili akanyoosha, akautikisa. Wa tatu. Aliwashika mikono wote, akiuliza hali za nyumbani, jasho linamtoka kwa furaha. Aliona mji umeanza kumpenda. Kesho yake likaja darasa jingine. Halafu wakaja akina mama wa sokoni kumwona Mzungu anayesalimiana. Walinyoosha mikono, wakatikiswa, wakaenda zao wakishikana mabega kwa kicheko, na karanga wakanunua kwa yule wa mchanga. Pakiti zikarundikana. Krispi zikalegea. Kuku wetu wakanenepa mpaka wakaanza kutembea kama maafisa.

Kilikuwa kichekesho bora katika maisha yangu na sikuweza kumsimulia mtu niliyekitengeneza kwa ajili yake. Mama hakucheka. Alinitazama mara moja tu, kwa jicho moja, lile jingine likiwa kwenye karai.

Halafu jioni moja Mtaliano alikaa juu ya debe langu akashika kichwa. Alisema anadhani atarudi kwao. Alisema watu wa hapa ni wema sana, wanamsalimu kila siku, lakini hawapendi chakula chake. Mimi nilikuwa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, na nilikuwa nimeshaanza kulihesabu debe kuwa langu.

Mama alifuta mikono kwenye leso. Alichukua karanga za moto, akampa katika kikaratasi. Akamwambia, "Nyoosha mkono, bwana."

Akanyoosha kumsalimia.

"Si hivyo. Kiganja juu."

Akageuza kiganja, na mama akammiminia karanga chache juu yake, taratibu, kama anamwekea mtoto dawa. Mtaliano aliziangalia muda mrefu. Hakuzila. Mama akamweleza yote: nyongeza ni nini, kwa nini mikono ilikuwa inanyooshwa, na akaongeza, bila kugeuka nyuma, ni nani hasa aliyeituma ile mikono ya kwanza.

Mtaliano akainua macho ukutani. Mimi nilikwisha kuchagua upande wa kurukia. Lakini hakukasirika. Midomo ilianza kumtetemeka, kisha mabega, kisha akaangua kicheko mpaka karanga zikamwagika, akawa ananyoosha mkono hewani na kuutikisa peke yake, "Habari ya nyumbani? Habari ya watoto?" Na mama naye akashindwa. Wakacheka wote wawili, wakashikilia karai lisianguke. Kile kilikuwa kichekesho changu. Nilikibuni, nikakilea, nikakitafutia waigizaji. Na sasa walikuwa wanakila mbele yangu, na mimi sikupewa hata nyongeza.

Akili yake ilikuwa kali, hilo sina budi kusema, ingawa linaniuma meno. Siku hiyo hiyo alielewa kwamba krispi zilizovunjika, ambazo zilikuwa za kuku, ndizo nyongeza. Kila anayenunua pakiti akapewa na pembe ndogo ya vipande vilivyovunjika. Pembe ya gazeti! Nikarudishwa kazini. Watu wakarudi, kwanza kumcheka, halafu kula. Wasafiri wakachukua pakiti za kupeleka Tororo, Busia. Kwa muda mfupi mambo yalikuwa karibu kama zamani: mimi nakagua, nasoma habari, mama anacheka, ingawa sasa vicheko viligawanywa na lililo bora lilikwenda ng'ambo ya karai.

Lakini kitu kikinukia vizuri Jinja, kambi nayo ina pua. Askari wakaanza kupita. Walichukua pakiti kwa kuziangalia tu, na hakuna mtu aliyewanyooshea mkono. Mtaliano alifikiri, akasema Mbale. Huko mlimani kuna viazi vizuri kuliko gonja, vinateremshwa na wakulima kila asubuhi. Na Mbale ndiko kwao mama. Dada yake ana nyumba na uwanja chini ya mlima Wanale. Watahamishia jiko huko. Mama akasema ndiyo. Mimi nitabaki Mpumudde, hapo hapo Jinja, kwa shangazi kwa sababu ya shule.

Nilipinga kwa kila njia. Nilisema shangazi anapika ugali unaoweza kujengea. Nilisema nitafeli. Mwisho nikatoa silaha yangu ya mwisho, nikamuuliza mama ni nani atakayekagua magazeti.

"Bwana anajua kusoma kuliko wewe," akasema mama, akiendelea kufunga sufuria kwenye gunia.

Hilo ndilo nililokwenda nalo Mpumudde. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikalila na ule ugali. Kila niliposikia kwamba krispi za viazi zimefika mpaka hoteli za Kampala, kwamba Mtaliano ametengeneza karai la pipa, kwamba mama ameajiri wanawake, niliwajibu watu kwamba mafuta ya mapadri yana mwisho. Shuleni nilikuwa bado mchekeshaji, lakini nilikuwa mkali. Vichekesho vyangu vilianza kuuma watu.

Likizo ilipofika baba alinichukua kwa lori. Niliamua kwamba sina haja ya kuwa na wivu peke yangu wakati baba yupo, tena ni mume. Kutoka Iganga nikaanza. Nikamweleza jinsi mama anavyocheka na yule mtu. Anavyokaa chini. Jinsi mtu mwenyewe anavyoimba. Baba aliendesha, akitafuna krispi kutoka kwenye pakiti iliyokuwa juu ya dashibodi. Nikaongeza chumvi. Nikasema watu wanasema. Baba akauliza watu gani. Nikasema watu. Akatafuna nyingine.

"Mwanangu," akasema baadaye, "mimi mama yako nimemjua akiwa msichana. Alikuwa anacheka hata msibani. Wewe ndiye unayemwonea wivu mtu anayemenya viazi." Halafu akaniomba nimpe maji.

Nilimpa, nikageukia dirishani mpaka Mbale. Msaliti anaendesha lori lenye magurudumu kumi.

Jiko lao lilikuwa kubwa, paa la mabati, na nyuma yake Wanale umesimama kama ukuta wa mtu aliyegombana na jirani. Wanawake walimenya viazi wakizungumza Kigisu cha kwao mama. Mama alinikumbatia akinuka mafuta mapya. Alikuwa amenenepa kidogo, na ilimpendeza, nami niliichukia hiyo afya. Mbele palikuwa na dirisha la kuuzia, na kwenye dirisha alikaa Mtaliano, na chini ya Mtaliano kulikuwa na debe. Lile lile. Walilileta kutoka Jinja.

Alikuwa anasokota pembe. Alisokota vibaya, mdomo mpana, ncha haikukazwa, krispi zinavuja. Mama akapita akamwambia pembe zake zinafanana na kofia za wendawazimu. Wakacheka. Mimi nikasogea kuona magazeti anayotumia, kama fundi anavyokagua kazi ya aliyemrithi.

Hakuwa anakagua kitu. Alichukua ukurasa wa juu, akaupiga kofi kutoa vumbi, akautazama huku na huku kama una uchafu, akaukata. Baadaye nilijua kwamba mama alimwambia aangalie karatasi vizuri, na yeye aliangalia vizuri sana, asijue ni nini cha kuangalia. Huko kwao labda uso wa mtu yeyote unaweza kufungia karanga. Mama alidhani anajua. Kazi yangu haikuwa na mrithi.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kulisema hilo kwa sauti ya ushindi, ndipo askari alipofika dirishani. Alikuwa peke yake, ametoka kulipwa labda, kwa maana alinunua pakiti kwa pesa, na chenji akaikataa. Mtu mzuri, siku nzuri. Mwenzake alimwita kutoka barabarani, akageuza uso kumjibu, na huku nyuma akaacha kiganja kimekunjuliwa juu ya dirisha. Hata yeye alikuwa mtu wa nyongeza.

Mtaliano akamwekea pembe mkononi.

Nililiona jicho kwanza. Jicho moja, limepinduka, halafu shavu, halafu safu ya medali iliyozunguka mpaka kwenye ncha. Mafuta ya krispi yalikuwa yameanza kupenya, na shavu la Mkubwa lilikuwa linatota polepole. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa ameshaona. Mwiko wake ulisimama juu ya karai, krispi zinadondosha mafuta, naye hasemi, maana kusema ni kuonyesha.

Sitaki mnifikirie kuwa mwema. Kwa muda wa pumzi moja niliona mengine yote: askari anageuka, anaona, na kesho hakuna Mtaliano. Hakuna anayeimba. Debe ni tupu. Wivu uliniletea zawadi hiyo mpaka mlangoni, imefungwa vizuri kuliko pembe yoyote. Lakini jiko lilikuwa la mama, na magazeti yalikuwa yamekaa karibu na mama.

Nikaikwapua ile pembe kutoka kwenye kiganja cha jeshi, nikaitia mdomoni yote. Krispi, karatasi, jicho, medali.

Askari akageuka. Alitazama mkono wake mtupu, kisha akanitazama mimi nikitafuna.

"Wewe," akasema. "Wewe iko mwenda wazimu?"

Wino wa gazeti una ladha ya mafuta ya taa, na medali hazitafuniki. Nilimeza kidogo nikakwama. Ndipo nikapigwa kofi la kisogo lililonifanya nimeze lililobaki, na nyuma ya kofi hilo ilikuja sauti ya mama, tulivu, ya huzuni, ya mwanamke aliyechoka na majaliwa yake.

"Tusamehe, afande. Ni mwanangu. Ana minyoo. Akiona chakula hajizuii, anakula hata karatasi."

Askari aliniangalia juu mpaka chini. "Minyoo mingi?"

"Afande, ile minyoo sasa ndiyo inayonituma mimi sokoni."

Akacheka. Afande akacheka mpaka akaegemea dirisha. Mama akachukua ukurasa mwingine, akaupitisha machoni haraka, akasokota pembe kubwa kwa mkono wake, akamjazia. Askari akasema mimi nipewe dawa, mtoto mkubwa hivi ni aibu. Akaenda zake akimsimulia mwenzake, na tuliwasikia wakicheka mpaka kwenye kona.

Mama aliweka mwiko chini kwa uangalifu. Halafu akaketi sakafuni, chini kabisa, na kicheko kikamtoka bila sauti, kile cha mtu aliyekuwa akizuia pumzi. Alinielekezea kidole mdomoni. Nadhani kulikuwa na wino. Nami nikakaa karibu naye, tukacheka tukishikana mikono, na nikaelewa kitu ambacho kumbe baba alikuwa akijaribu kuniambia tangu Iganga: mimi sikuwahi kumfundisha mama kucheka. Nilirithi.

Mtaliano alikuwa amesimama juu yetu, uso umejaa wasiwasi. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mama, kwa nini kijana anakula karatasi?"

Nilingoja. Mama akafuta machozi kwa ncha ya leso, akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Ana minyoo, bwana," akasema.

Hakumwambia. Alimweleza mambo mengine yote: kwamba kuanzia sasa pembe zitatoka Jinja, nitazitengeneza mimi Mpumudde na baba atazileta kwa lori, kwa sababu za kwake zinavuja. Alikubali, alijua zinavuja. Yale magazeti yaliyobaki mama aliyapeleka mwenyewe kwenye moto, na hakuna aliyeuliza. Mpaka leo ninapoandika haya nina rundo kando yangu la kukagua, na shangazi ananiuliza kama nasoma au nacheza.

Asubuhi yake Mtaliano alipanda baiskeli mpaka misheni, akarudi na chupa. Alikuwa amewaeleza mapadri habari zangu kwa urefu. Alimimina dawa kwenye kijiko kikubwa cha supu, kitu kizito cha rangi ya kahawia kinachonuka kama kamba mbovu, akanishika bega kwa ule mkono wake wenye manyoya, akaniambia nisiogope, hata yeye utotoni alikuwa nayo. Alikuwa anasema kweli kabisa. Nyuma yake mama alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa leso, macho yamemtoka, akingoja kuona nitafanya nini.

Nikameza yote. Haikuwa na ladha ya kitu chochote ambacho Mungu alikusudia.

Halafu nikanyoosha mkono, kiganja juu.

Mtaliano aliutazama. Safari hii hakuutikisa. Alikwisha kujifunza. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akainamisha chupa, akanimiminia kijiko cha pili.

Mlangoni nilisikia mtu anakaa chini.